Farasi, Usubi na Vilima vya Kalengera

Ukitoka Rutshuru kwenda Goma, mashariki mwa Kongo, na kupita Kalengera, unaiona ardhi ikipanda kidogo kidogo kuelekea Kibumba: mashamba ya maharagwe, migomba, njia za miguu zinazokata mlima, na hewa ikiwa safi Mlima Mikeno unasimama wazi upande wa kushoto. Anayeujua mchezo wa kupanda farasi kwenye njia za milimani akipaona hapa, atatamani kuleta tandiko kesho yake. Ila Kalengera hakuna farasi. Wanaopanda na kushuka ni watu, mbuzi, pikipiki na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wengi hudhani sababu ni umaskini, au mlima kuwa mkali mno. Umaskini upo, lakini anayemzuia farasi kwanza ni mdudu, na ili kuelewa kwa nini, inafaa tuanze na kile ambacho mchezo huu unakidai kutoka kwenye mwili wa mnyama.

Mashindano ya farasi yanayofahamika katika kanda yetu ni yale ya Ngong, Nairobi: farasi wanakwenda shoti kwenye uwanja wa nyasi, dakika chache, mshindi amepatikana. Milimani hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 1955 Wendell Robie wa mji wa Auburn, California, pamoja na wenzake wachache, alivuka milima ya Sierra Nevada kwa farasi, kilomita 160, akitaka kuonyesha kwamba farasi wa siku hizi bado anaweza kuimaliza njia hiyo ndani ya saa 24. Safari ile ndiyo iliyozaa mashindano ya Tevis Cup, ambayo yanaendelea hadi leo. Katika miaka mingi, karibu nusu ya wanaoanza hawamalizi. Wengine wanachoka, wengine wanapitwa na muda, lakini wengi wanasimamishwa na madaktari wa mifugo waliopangwa njiani. Tena kuna kombe jingine humohumo, Haggin Cup, ambalo haliangalii nani katangulia: linakwenda kwa farasi mwenye hali nzuri kuliko wote miongoni mwa kumi wa kwanza.

Mwaka 1961, hukohuko California, kikaanzishwa chama cha mashindano ya safari za farasi, NATRC, nacho kikaisogeza mbele zaidi hoja hii ya kupima hali ya farasi kuliko kasi yake. Kwenye mashindano yake mpandaji hupangiwa muda wa kufika. Akiwahi kupita kiasi anakatwa alama, akichelewa anakatwa vilevile. Farasi huangaliwa miguu, mgongo, pumzi na mapigo ya moyo. Mpandaji huangaliwa jinsi anavyomtunza. Alama za safari moja huongezwa kwenye za safari nyingine mpaka mwaka uishe, na bingwa wa msimu ni yule ambaye mnyama wake alirudi nyumbani mzima mara zote. Kwa maoni yangu hakuna mchezo mwingine wa wanyama wenye haki kuliko huu, kwa sababu ukimtesa farasi, umeshindwa.

Kituo cha ukaguzi huwa hivi. Farasi anafika amelowa jasho. Mpandaji anashuka, analegeza mkanda wa tandiko, anammwagia maji shingoni na kifuani. Daktari anaweka kifaa chake cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto na kuhesabu. Farasi aliyetulia ana mapigo 30 hadi 40 kwa dakika. Kwenye mlima mkali yanaweza kuvuka 150. Kinachotafutwa si yalipanda hadi wapi bali yanashuka kwa kasi gani: katika mashindano mengi lazima yarudi kwenye 60 au 64 ndani ya muda uliowekwa, la sivyo safari imekwisha. Kisha daktari anafinya ngozi karibu na bega. Ikibaki imesimama badala ya kurudi mara moja, mwili umekauka maji. Anabonyeza ufizi kwa kidole gumba: weupe unaobaki unapaswa kugeuka waridi kabla ya sekunde mbili. Anasikiliza tumbo pande zote mbili, maana tumbo la farasi lililonyamaza ni hatari. Mwisho farasi anakimbizwa taratibu mita 40 kwenda na 40 kurudi, na ikitimia dakika moja mapigo yanahesabiwa upya. Yakiwa juu kuliko mwanzo kwa zaidi ya mapigo manne, daktari anaanza kushuku maumivu au uchovu ambao macho hayajauona.

Uangalifu wote huu una sababu. Farasi hupoza mwili kwa jasho, na katika kazi nzito kwenye joto anaweza kutoa zaidi ya lita 10 kwa saa. Jasho lake lina chumvi nyingi kuliko damu yake, kwa hiyo akikauka huenda asihisi kiu kama inavyopaswa. Hapo misuli inakaza, utumbo unasimama, na mnyama aliyekuwa na nguvu saa moja iliyopita analala chini.

Mteremko nao una madhara yake. Wapanda chukudu wa Kibumba wanaujua mteremko kama rafiki: wanaisukuma kwa jasho wakipanda, wakishuka Goma na viazi na kabichi mzigo unajiendesha wenyewe. Kwa farasi ni kinyume. Hata akiwa amesimama, sehemu kubwa ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele, na akishuka na mtu mgongoni, kila hatua inakuwa breki inayovutwa na kano za miguu hiyo. Kwato nazo zinapigwa na mawe, na mawe ya kwetu, ya lava iliyoganda, yana kingo kali zinazopasua hata tairi. Ndiyo maana maandalizi ya msimu huchukua miezi. Moyo na mapafu hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huhitaji muda mrefu zaidi. Mwenye haraka hudanganywa na pumzi nzuri, anaongeza mwendo, na mguu unaharibika.

Sasa tuje kwa mdudu. Barani kwetu kuna homa ya farasi, ugonjwa wa virusi vya aina tisa unaoenezwa na usubi, vidudu vidogo vinavyouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na vinavyozaana sana baada ya mvua. Punda milia hubeba virusi bila kuugua, punda wa kawaida huvumilia, nyumbu chotara wa farasi na punda yuko katikati. Farasi mgeni asiye na kinga hufa mara nyingi mno. Katika sura mbaya zaidi ya ugonjwa huu, zaidi ya tisa kati ya kumi hawaponi. Mapafu yanajaa maji, povu jeupe linatoka puani, na pengine alikuwa akila vizuri asubuhi ileile. Huko Rasi ya Tumaini Jema farasi wapatao 1,700 walikufa mwaka 1719, na mlipuko wa 1854 na 1855 uliua karibu 70,000.

Wa pili ni mbung'o, anayeleta nagana, ugonjwa ambao David Bruce aliugundua chanzo chake huko Zululand mwaka 1895. Ng'ombe wa kienyeji wa sehemu fulani huishi nao. Farasi huishiwa damu, huvimba miguu, hufa. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash. Wote wawili walikufa Kingaru, hata kabla safari haijawa ndefu, na ingawa yeye mwenyewe alitaja maradhi ya tumbo, misafara mingi ya pwani ilikuwa imeshajua kwamba bara si mahali pa farasi.

Mwinuko wa ardhi ndio unaobadilisha mambo. Mbung'o ni nadra juu ya mita 1,800 hivi, na baridi ya usiku hupunguza usubi. Nyanda za juu za Ethiopia zina farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kule Injibara wapanda farasi wa Agew hukusanyika kila mwaka kuwakumbuka farasi waliokwenda vitani Adwa mwaka 1896. Milima ya Lesotho imekuza farasi wake mdogo, mgumu, anayekanyaga mawe bila kuyumba. Karibu nasi zaidi, Mlima Kigali una farasi wa kupandwa. Kalengera, iliyo chini kuliko Kibumba na jirani na Hifadhi ya Virunga, iko pabaya kidogo: imekaribia tambarare za Rutshuru ambako wadudu hao wako nyumbani. Kama farasi angeletwa, zizi lake lingepaswa kuwa juu, kwenye ubaridi.

Chanjo ya homa ya farasi ipo. Ile inayotumika zaidi kusini mwa Afrika huchomwa kwa dozi mbili zilizoachana wiki kadhaa, kisha kila mwaka, na lazima ikae kwenye baridi tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Hapo ndipo vita vya huku kwetu vinapotuumiza mara mbili. Barabara ya Rutshuru ikifungwa, hata chanjo za kuku na mbuzi haziwafikii wenyewe, na hakuna anayeweza kupanga msimu wa miezi mitatu mahali ambapo familia hazijui zitalala wapi mwezi ujao. Kusema tulete farasi kabla amani haijarudi ni kuwatakia wanyama hao kifo.

Amani ikirudi, kalenda iko wazi. Mvua zetu kubwa hunyesha Septemba hadi Desemba na kurudi Machi hadi Mei. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho msimu wa kupanda farasi, usubi ukiwa umepungua na njia zimekauka. Chanjo zingechomwa mapema, kabla mvua za Septemba hazijafika. Farasi wangelala ndani kuanzia saa kumi na moja jioni, madirisha yakiwa na chandarua cha matundu madogo kuliko ya mbu, kwa kuwa usubi hupenya chandarua cha kawaida. Mpandaji pamoja na tandiko asizidi moja ya tano ya uzito wa farasi wake. Na kabla ya shindano lolote ningetaka wanyama wachache tu wakae Kibumba misimu miwili kamili ya mvua, wakipimwa damu na kupimwa joto kila asubuhi, pamoja na vijana wawili watatu wa hapahapa waliofundishwa kuchonga kwato, maana fundi wa kwato akikosekana, farasi wa mlimani anakuwa kilema kabla ya kiangazi kwisha.