Binti Anapochukua Fomu

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka jana, Jumatano saa tatu usiku. Tulikuwa tumekaa barazani kwa mwenzetu mmoja wa Umoja wa Wanawake tukipanga zamu za kutembelea wagonjwa, ndipo simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa mkoani kwetu.

“Shikamoo mama. Nimechukua fomu.”

“Marahaba mwanangu. Fomu ya nini tena? Mkopo si ulishapata?”

“Siyo ya mkopo, mama. Ya kugombea ubunge wa kitivo.”

Mwenzetu alinyamaza kwa muda mrefu hata tukadhani kuna msiba. Alipopata sauti alisema maneno ambayo pengine hata wewe mzazi mwenzetu ungeyasema: “Nimekupeleka kusoma, sikukupeleka kwenye siasa.” Kisha simu ikakatika, na zamu za wagonjwa hazikupangwa tena usiku ule.

Tunayaandika haya kwa sababu binti mwenyewe na mama yake wametuomba tuyaandike. Majina tumeyaacha, na chuo tumekiacha pia.

HOFU YETU INATOKA WAPI?

Tusimlaumu mama huyu. Sisi ambao mwaka 1990 tulikuwa watoto wa shule ya msingi tunakumbuka jinsi wakubwa walivyozungumza kwa sauti ya chini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungwa mwezi Mei, na wanafunzi wakarudi makwao na masanduku yao hadi mwanzoni mwa mwaka 1991. Kabla ya hapo, Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Mwaka 1978 waliandamana tena, safari hiyo kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Kwa hiyo mzazi wa Kitanzania akisikia “kiongozi wa wanafunzi”, moyoni anasikia “mtoto wangu atarudishwa nyumbani”.

Hata hivyo liko tukio moja ambalo hatulizungumzi sana, nalo ndilo linalohusu zaidi habari hii. Mwaka 1971, chuo cha Mlimani kikiwa na mwaka mmoja tu tangu kiwe chuo kikuu kamili, rais wa wanafunzi, kijana kutoka Kenya aitwaye Symonds Akivaga, alikamatwa na polisi na kuondolewa chuoni. Kosa lake lilikuwa barua. Wanafunzi walikuwa wanalalamika kwamba mambo yao yanaamuliwa bila wao kusikilizwa. Hoja ile haikufa. Siku hizi katika vyuo vikuu vyetu wanafunzi wana wawakilishi wao katika Seneti na katika Baraza la Chuo.

Wazazi wengi hatujui tofauti ya vyombo hivi viwili. Seneti hushughulikia masomo na mitihani. Baraza la Chuo ndilo chombo cha juu: bajeti, ada, majengo, ajira na kanuni hupita hapo. Mwanafunzi anayeketi humo huketi pamoja na maprofesa na watu wazima walioteuliwa kutoka nje ya chuo, naye hupewa makabrasha yale yale wanayopewa wao. Katika chuo cha binti yetu, wabunge wa serikali ya wanafunzi ndio wanaochagua miongoni mwao nani aende Barazani. Huko ndiko alikokuwa anatazama alipochukua fomu, ingawa usiku ule hakupata nafasi ya kumweleza mama yake.

Lipo na jambo jingine linalotutia hofu sisi wenye mabinti. Mwaka huo huo wa 1990, mwezi Februari, mwanafunzi wa kike wa Mlimani alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Kulikuwa na utaratibu wa kubandika ukutani maandishi ya matusi, ukijulikana kwa jina la “Punch”, na msichana aliyekataa kunyenyekea angeweza kujikuta ameandikwa pale chuo kizima kisome. Ukuta ule haupo tena. Lakini sasa kila mwanafunzi anatembea na ukuta wake mfukoni, kama tutakavyoona.

WIKI MBILI ZA KAMPENI

Katika kikundi chetu maoni yaligawanyika. Mmoja wetu alisema siasa ni mchezo mchafu na mtoto wa kanisani hana kazi huko. Mama mmoja mzee, ambaye huwa hasemi sana, aliuliza kama tumewahi kusoma habari za wale mabinti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa na viongozi wote kudai urithi wa baba yao. Hakuongeza neno. Tuliondoka tukiwa hatujakubaliana, lakini mama mtu alimpigia binti yake kesho yake na kumuuliza kama amekula.

Swali hilo lilikuwa la maana kuliko tulivyojua. Bodi ya Mikopo humpa mwanafunzi fedha ya chakula na malazi ambayo vijana wote huiita “bumu”. Tangu mwaka 2022 hesabu yake ni shilingi 10,000 kwa siku; kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Katika fedha hiyo binti alikuwa anatoa karatasi za kubandika, vocha za wapiga debe wake, na maji ya kunywa kwa wanaomfuata bweni hadi bweni. Wapinzani wake wawili, wote wavulana, walikuwa na fulana zilizochapwa picha zao. Zilitoka wapi hatujui, na tume ya uchaguzi ya wanafunzi haikuuliza. Binti alikula mlo mmoja kwa siku, na usiku akawa anakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ili asome baada ya mikutano.

Siku ya tisa alianguka. Wenzake walimleta kwa bajaji kwenye zahanati tunakofanya kazi, maana ilikuwa saa nne na nusu usiku na zahanati ya chuo hufungwa saa nne. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Presha ilikuwa 90 kwa 50, sukari iko chini, midomo imekauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Hatukuona cha kushangaza: kijana hali, halali, anakunywa kafeini kopo tatu kwa siku. Tulimwekea dripu, tukampa uji, akalala. Asubuhi tulimhamishia kwenye benchi la nje asubiri daktari amwandikie ruhusa.

Hapo tulikosea sisi. Zahanati yetu ni ndogo, na benchi lile asubuhi huwa ni la kliniki ya wajawazito. Mtu alipita, akampiga picha kwa simu. Kabla ya saa sita mchana picha ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la kitivo chao, na chini yake maneno: “Mgombea wenu anahudhuria kliniki.” Jioni ile ile ilikuwa na nyongeza ya jina la mhadhiri.

KARATASI YA MAABARA

Alirudi kwetu kesho yake, macho yamevimba. “Mama, naomba mnipime mimba mnipe karatasi yenye muhuri. Nikaibandike.”

Ndugu msomaji, katika miaka yetu ya kazi tumeombwa karatasi nyingi: za kazini, za mahakamani, hata za kumdanganya mwajiri, ambazo tulizikataa. Hii ilitupa taabu. Kipimo ni haki ya mgonjwa na majibu ni mali yake; akitaka kuyatangaza, sisi si wa kumzuia. Tulimpima na tukampa majibu yake, ambayo yalikuwa kama alivyosema. Lakini tulimketisha chumba cha chanjo, tukafunga mlango, tukamuuliza: na msichana atakayegombea mwakani, naye aje na karatasi? Na kama angekuwa ni mjamzito kweli, je, asingeweza kuhesabu bajeti?

Hatukumwambia afanye nini. Pengine tulitaka, maana tulikuwa na hasira, na mmoja wetu alikuwa tayari kwenda chuoni na sare yake. Mama yake ndiye aliyetushangaza. Tulimpigia simu kwa ruhusa ya binti, tukitegemea kwamba atasema jitoe, rudi kwenye vitabu. Alikaa kimya kama ule usiku wa kwanza. Kisha akasema, “Mwambieni nakuja.” Alipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi akiwa na ndoo ya ndizi na maharage yaliyokwisha kupikwa. Alikaa bwenini siku mbili, akilala kitanda kimoja na binti yake na kuhakikisha analala saa tano. Wanafunzi wenzake wakaanza kumwamkia mama huyu njiani. Ni vigumu kuendelea kutukana mtu ambaye mama yake umetoka kumwamkia.

Mdahalo wa mwisho ulifanyika ukumbini Ijumaa. Hatukuwapo, tunaeleza tulivyosimuliwa na mama yake, aliyeketi nyuma kabisa. Kijana mmoja alisimama akauliza swali huku anacheka: mgombea anaweza kutueleza alikuwa anafanya nini kliniki? Binti alikuwa na karatasi yake mkobani. Hakuitoa. Alisema kwamba aliugua usiku, zahanati ya chuo ilikuwa imefungwa, na akapelekwa kilomita sita kwa bajaji kwa fedha za kuchanga. Akauliza ni wangapi ukumbini humo wamewahi kuugua baada ya saa nne usiku. Mikono ikanyooka mingi, na mingi ilikuwa ya wavulana. Akasema ataomba wabunge wampeleke Barazani kwa jambo hilo moja tu, halafu akaketi.

Alishinda kwa kura 11. Siyo ushindi wa kupigiwa vigelegele sana, na aliyekuwa wa pili aliomba kura zihesabiwe upya. Zilihesabiwa, zikabaki 11.

NDANI YA BARAZA

Wabunge walimchagua mwezi Januari kuwa mmoja wa wawakilishi wao. Sisi tulidhani sasa mambo yatakwenda haraka. La hasha. Kikao cha kwanza kilikuwa Machi. Alipewa makabrasha ya kurasa zaidi ya mia mbili, akatuletea ukurasa wa fedha za afya tumsaidie kusoma. Hiyo ilikuwa Jumamosi nzuri: manesi watatu na mwanafunzi mmoja juu ya mkeka, tunahesabu gharama ya nesi mmoja wa zamu ya usiku, usafiri wake, na dawa za dharura. Sisi ambao hatujawahi kuulizwa bajeti ya chochote kazini kwetu tuligundua kwamba tunajua hesabu hizo vizuri sana.

Katika kikao kile hakupata kusema. Hoja yake ilikuwa ya mwisho katika ajenda na muda ukaisha. Aliporudi alilia, kisha akaandika barua kwa katibu wa Baraza kuomba hoja ipangwe juu zaidi. Tulimwonya asiandike kwa ukali. Rasimu ya kwanza, tuseme ukweli, ilikuwa kali.

Juni hoja ilisikilizwa. Mjumbe mmoja alisema vijana wanaugua kwa sababu ya ulevi. Binti alijibu kwa takwimu za daftari la mlinzi wa getini, ambalo huandikwa kila gari linalotoka usiku na mgonjwa. Alikuwa ameomba ruhusa ya Mshauri wa Wanafunzi na kulinakili kwa mkono, miezi minne. Wengi walikuwa wa homa, tumbo na pumu. Baraza liliamua zahanati iwe na nesi usiku kuanzia mwaka mpya wa masomo. Taa za njia ya kutoka maktaba hadi mabweni ya wasichana, ambazo pia aliziomba, zimeahirishwa hadi bajeti nyingine. Njia hiyo ni giza hadi leo.

Gharama nayo ilikuwepo, na tusiifiche. Somo moja la muhula wa pili alipata “supu”, yaani mtihani wa kurudia, kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo. Mama yake hakusema “nilikuambia”. Alisema tu kwamba Julai na Agosti hakuna kikao, hakuna mkutano, hakuna simu baada ya saa tatu usiku, na binti akatii. Kila Jumapili baada ya ibada mmoja wetu, ambaye mumewe ni mwalimu wa hesabu, alimkaribisha chakula cha mchana na masomo.

Mtihani ulifanyika Septemba, akafaulu. Nesi wa usiku ameanza kazi. Tunamfahamu, alisoma darasa moja na mdogo wetu mmoja. Wiki ya kwanza alipokea wagonjwa saba.

Fomu za mwaka huu zinatolewa mwezi ujao. Binti hajasema kama atachukua. Mama yake naye hajamuuliza, ila tumeona kwamba siku hizi tukiwa barazani kwake jioni, simu anaiweka mezani, karibu na mkono.