Poka Yenye Kikomo: Kutoka Las Vegas hadi Baa za Peckham

Mashindano ya poka yanayojulikana duniani kwa jina la World Series of Poker yalianza mwaka 1970 mjini Las Vegas, Marekani, na kwa zaidi ya miongo mitatu ubingwa wake haukuwahi kushindaniwa nje ya nchi hiyo, mpaka Septemba 2007 yalipovuka bahari na kufanyika katika kasino za katikati ya London. Kasino hizo zilikuwa maili chache tu kutoka Peckham, mtaa wa kusini mwa mto Thames ambao barabara yake kuu ya biashara, Rye Lane, inafahamika kwa maduka ya Waafrika Magharibi, wala si kwa meza za kamari. Historia ya mashindano haya husimuliwa mara nyingi kwa majina ya mabingwa na mamilioni waliyoondoka nayo, lakini jambo lililoifanya poka ikubalike kwa watazamaji, kwa wafadhili na hatimaye kwa watunga sheria ni dogo zaidi na halina mbwembwe: mashindano yalimwekea mchezaji kikomo cha kile anachoweza kupoteza.

Poka ni mchezo wa karata ambao wachezaji huweka dau kwa zamu, kila mmoja akiwa na karata ambazo wenzake hawazioni. Katika aina inayotawala leo, Texas Hold'em, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote, na raundi nne za kuweka dau humpa kila mtu nafasi ya kuongeza, kufuata au kujitoa. Mwenye karata dhaifu anaweza kushinda endapo wenzake wataamini kwamba zake ni nzito, na hapo ndipo ulipo ubishi usiokwisha kuhusu kama huu ni mchezo wa akili au wa bahati.

Hapo zamani poka ilichezwa kwa fedha taslimu mezani, na aliyeishiwa aliweza kutia mkono mfukoni tena, au kuweka rehani alichonacho. Sura hiyo ya mchezo imehifadhiwa vizuri katika kipindi kimoja cha mwaka 1982 cha Only Fools and Horses, tamthilia ya vichekesho ya BBC iliyoandikwa na John Sullivan, ambayo wahusika wake wakuu ni wakazi wa Peckham. Mchuuzi Del Boy anapambana na Boycie, muuza magari, na dau linazidi kupanda hadi Boycie anaonyesha wafalme wanne, naye Del Boy anajibu kwa ree nne. Inabainika kwamba wote wawili wamefanya ujanja, kwa kuwa Del Boy anajua fika kuwa karata za Boycie si zile alizomgawia. Ni kichekesho, lakini kinaeleza kwa usahihi kwa nini watu wazima wengi waliiogopa poka: mchezo usio na msimamizi wala mwisho, ambamo mtu huinuka akiwa ameacha mezani zaidi ya alichokuja nacho.

Mwaka wa kwanza wa mashindano pale Las Vegas, katika kasino ya Binion's Horseshoe iliyomilikiwa na Benny Binion, wachezaji walicheza kwa fedha taslimu kwa namna hiyo ya zamani, kisha wakapiga kura kumchagua bora miongoni mwao, naye Johnny Moss akachaguliwa. Kura haisisimui watazamaji. Mwaka 1971 utaratibu ukabadilishwa: kila mshiriki alilipa kiingilio kimoja, akapewa vibao vya duara ambavyo havikuwa na thamani ya fedha nje ya shindano, na aliyeishiwa navyo alitoka bila nafasi ya kununua vingine, hadi akabaki mmoja. Moss alishinda tena, safari hii mezani. Tangu hapo mchezaji alijua kabla hajaketi kwamba hasara yake haiwezi kuzidi kiingilio.

Kiingilio cha shindano kuu kilifika dola 10,000 na kwa muda mrefu kilibaki hapo, kiasi kinachowafungia nje watu wengi, lakini kanuni hiyohiyo iliruhusu kujengwa kwa ngazi, yaani mashindano madogo ya mchujo ambayo tuzo yake ni nafasi katika shindano kubwa. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alipanda ngazi hiyo kupitia intaneti kwa kiingilio kidogo, akaibuka bingwa kati ya washiriki 839 na kupata dola milioni 2.5, na miaka mitatu baadaye washiriki walikuwa 8,773. Televisheni nayo ilichangia, na hapa Uingereza inastahili sifa ambayo Wamarekani husahau kuitoa, kwani kipindi cha Late Night Poker cha Channel 4, kilichoanza mwaka 1999, kiliweka vioo mezani na kamera chini yake ili mtazamaji azione karata za siri. Bila kamera hizo poka ni watu walionyamaza wakitazamana.

Sheria ya Uingereza haikuwa tayari kwa umaarufu huo. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kamari ya mwaka 1968, kasino ziliendeshwa kama vilabu, na mgeni alilazimika kujiandikisha na kungoja kabla ya kuruhusiwa kucheza. Klabu ya Gutshot ya Clerkenwell, London, iliyoendesha mashindano ya poka bila leseni ya kasino, ilijitetea kwamba poka ni mchezo wa ustadi na kwa hiyo haiguswi na sheria hiyo, lakini mnamo Januari 2007 baraza la wazee wa mahakama ya Snaresbrook lilimtia hatiani mkurugenzi wake. Sheria mpya ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Septemba 2007, iliufunga mjadala kwa kutamka kwamba mchezo unaochanganya bahati na ustadi ni mchezo wa bahati.

Siku chache tu baadaye World Series of Poker Europe ilifunguliwa London. Katika shindano kuu, ambalo kiingilio chake kilikuwa pauni 10,000 na washiriki 362, bingwa alikuwa Annette Obrestad wa Norway, aliyenyakua pauni milioni moja siku moja kabla ya kutimiza miaka 19. Asingeweza kufanya hivyo Las Vegas, ambako umri wa chini kasinoni ni miaka 21, ilhali Uingereza ni 18. Mashindano hayo yalirudi London kila mwaka hadi 2010, yakahamia Cannes, Ufaransa, mwaka 2011, na kuanzia 2017 yalifanyika Rozvadov, katika Jamhuri ya Czech.

Kilichobaki kwa mkazi wa Peckham asiye na pauni 10,000 ni sehemu ya sheria hiyohiyo ya mwaka 2005 inayohusu baa zenye leseni ya pombe. Poka inaruhusiwa humo bila leseni ya kasino, kwa watu wa miaka 18 na zaidi, mradi dau la mtu lisizidi pauni 5 kwa mchezo na jumla ya madau ya baa nzima isizidi pauni 100 kwa siku. Hesabu yake inalingana na shindano moja dogo la watu 20, na mshindi hawezi kupata zaidi ya pauni 100. Zipo pia ligi za baa zisizo na kiingilio, ambamo wachezaji hukusanya pointi wiki hadi wiki kuelekea fainali za kanda. Mwenye baa haruhusiwi kutoza ada ya kucheza wala kukata chochote kwenye dau, hivyo faida yake hutokana na vinywaji vinavyonunuliwa na wachezaji, wakiwemo wale waliotolewa mapema na wakabaki kutazama.