Sauti Moja Inapogoma Ndani ya Juno-106

Juno-106, sinthesaiza ya analogi iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1984, ina sauti sita, na kila sauti ina saketi yake. Katika hali ya kawaida, noti hugawiwa saketi hizo kwa zamu. Ndiyo maana ubovu wake maarufu huwachanganya wanamuziki: kibonye kilekile hulia vizuri mara tano, mara ya sita kikakwaruza au kikanyamaza kabisa.

Fundi huanza na umeme: volti 15 chanya, 15 hasi na 5. Kapasita zilizochoka huleta mngurumo katika sauti zote. Sauti moja ikiugua peke yake, ugavi wa umeme hauna hatia. Hapo fundi hushikilia kitufe cha Key Transpose huku akiwasha mashine. Katika hali hii ya majaribio, kioo kidogo huonyesha namba ya sauti inayolia kila kibonye kinapobonyezwa.

Mshukiwa wa kwanza ni chipu ya 80017A, yenye chujio na kikuza sauti cha kila saketi. Ilifunikwa kwa resini nyeusi ili ilindwe, lakini miaka inavyopita resini hiyo huanza kupitisha umeme kidogo na kuvuruga mikondo midogo inayoongoza chujio. Ni ubovu wa kikemia kuliko wa kielektroniki. Mara nyingi vipande vilivyomo ndani bado ni vizima. Kwa hiyo wengine huing'oa chipu, huiloweka ndani ya asetoni siku nzima au zaidi, kisha huibandua resini taratibu. Tiba hii huokoa nyingi, ingawa mkono mzito huvunja vipande vidogo. Chipu mpya za mbadala zinauzwa, na kwa kuwa zote sita zimezeeka pamoja, kubadilisha moja tu ni kuahirisha kazi.

Kabla ya gharama hiyo, chipu inayoshukiwa ibadilishane nafasi na ya jirani. Ubovu ukihama nayo, kosa ni lake. Usipohama, au sauti mbili jirani zikipoteza wimbi kwa pamoja, zitazamwe chipu za MC5534A, ambazo kila moja hutengeneza mawimbi ya sauti mbili. Baada ya ukarabati, chujio na kikuza husawazishwa upya kwa rezista za kurekebisha, la sivyo sauti hiyo itajitenga na wenzake.

Betri ya lithiamu ya Juno-106, inayotunza programu 128 za sauti, imelehemiwa kwenye bodi, hivyo programu huhifadhiwa kwanza kwenye kaseti kabla ya kuing'oa. Sinthesaiza ya Korg Polysix ya 1981 ina hatari zaidi: betri yake ya nikeli-kadimiamu huvuja alkali inayotafuna njia za shaba. Alkali hiyo hutulizwa kwa siki, bodi ikasafishwa na kukaushwa, kisha njia zilizokatika zikaunganishwa kwa waya. Ikiwekwa betri ya lithiamu, saketi ya kuchaji lazima ikatwe.