Viatu Laini vya Mtoto: Vishone Nyumbani, Lakini Angalia Ndani Kwanza

Baridi ya Juni hadi Agosti haihitaji kuelezwa kwa mkazi wa Nyandarua. Kule Kinangop na Ol Joro Orok kuna asubuhi ambapo nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo hulipoteza haraka zaidi. Ndiyo maana mzazi huambiwa kliniki amvike kofia na soksi. Tatizo ni kwamba soksi haikai. Mtoto hupiga mateke mara mbili tu na soksi moja iko chini ya kitanda.

Kiatu laini cha kitambaa chenye lastiki hukaa mguuni. Kinaweza kushonwa kwa mkono jioni moja kutokana na sweta kuukuu na mguu wa suruali ya jinzi. Cherehani haihitajiki. Kinachohitajika ni uangalifu wa jambo moja ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni uzi ulioachwa huru ndani ya kiatu.

Uzi huo, au unywele, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu wa mtoto na kukaza kidogo kidogo kila anapochezesha mguu. Damu haipiti vizuri, kidole kinavimba, na uvimbe unauficha uzi. Mtoto analia bila kunyamaza, ameshanyonya, hana homa, na hakuna anayekumbuka kumvua kiatu. Kidole kikikaa hivyo kwa muda mrefu kinaweza kuharibika kabisa. Nywele za mama nazo huanza kudondoka kwa wingi miezi michache baada ya kujifungua, kwa hivyo hatari haiko kwenye mshono peke yake.

Kwa sababu hiyo, mtindo tunaoueleza hapa unaweka mishono yote upande wa nje. Wapo watakaosema kiatu hakipendezi hivyo. Mtoto hatajali.

Kwa sehemu ya juu, tafuta kitambaa cha sweta nyepesi zenye manyoya mafupi, kile kile cha mablanketi ya watoto. Kwenye mitumba hakikosekani. Kina faida mbili: kinavutika kidogo, na kikikatwa hakitoi nyuzi ukingoni kama kitambaa cha kufumwa. Soli iwe ya tabaka mbili, kitambaa hicho ndani na jinzi nje. Fua kila kitu kwa sabuni na maji moto kabla ya kukata, kwa kuwa kitambaa cha pamba kinachorudi hurudi mara ya kwanza kufuliwa. Tumia uzi wa kawaida wa kushonea. Ule wa nailoni unaong'aa uache, maana fundo lake hufunguka na ncha yake hudunga.

Sasa kipimo. Mtoto akiwa amelala, weka karatasi ngumu chini ya wayo wake na uchore kuuzunguka, kalamu ikiwa wima. Ongeza nusu sentimita mbele ya kidole kirefu ili vidole vipate nafasi, kisha nusu sentimita nyingine pande zote kwa ajili ya mshono. Hicho ndicho kiolezo cha soli, au patani kama mafundi wanavyoiita. Usikisie kwa umri, kwani watoto wawili wa miezi minne wanaweza kutofautiana sana miguu.

Sehemu ya mbele hutokana na soli hiyo hiyo. Chora nusu yake ya mbele kwenye karatasi nyingine, kisha uipanue sentimita moja na nusu mbele na ubavuni. Utapata umbo kama kucha kubwa. Ule ukingo ulionyooka ndio utakaokaa juu ya mguu.

Kwa kisigino, zungusha uzi kwenye ukingo wa kiolezo cha soli, uupime kwa rula na ugawanye kwa mbili. Ongeza sentimita 4 kwenye hiyo nusu. Kata kipande chenye urefu huo na kimo cha sentimita 6. Kunja ukingo wake mrefu wa juu kwa nje, sentimita moja na nusu, na uushone upate mfereji wa kupitisha lastiki. Lastiki nyembamba iwe kama theluthi mbili ya urefu wa kipande. Ipitishe, kisha shona ncha zake zote mbili kwa nguvu ili isichomoke.

Kuunganisha kunaanza na kuweka alama katikati ya soli, moja mbele na nyingine kisigino. Laza soli, jinzi ikiwa chini. Weka sehemu ya mbele juu yake, katikati kwa katikati. Piga bandi kwenye ukingo uliopinda, uvute uzi polepole hadi kipande kitoshe soli, na mikunjo ikae zaidi mbele ya vidole. Kisha weka kipande cha kisigino, ncha zake zikipita juu ya sehemu ya mbele kwa sentimita 2 kila upande. Shona kuzunguka kiatu kizima, nusu sentimita kutoka ukingoni, kwa hatua ndogo, sindano ikirudi nyuma kidogo kila mara kabla ya kwenda mbele. Malizia kwa kuzungushia ukingo ule mshono wa pindo za blanketi. Mafundo yote yawe nje. Toa bandi yote.

Kabla ya kumvika mtoto, geuza kiatu ndani nje na upitishe kidole chako polepole kila mahali. Ukigusa uzi, ukate karibu na kitambaa. Fanya hivyo tena kila baada ya kufua. Usiweke vifungo, shanga wala kengele, kwa sababu watoto wengi hupeleka mguu mdomoni, na kifungo kikitoka kinaweza kumkaba. Lastiki nayo iruhusu kidole chako kupita kati yake na mguu. Ikiacha alama nyekundu, ifungue uweke ndefu zaidi.

Vua viatu kila unapobadilisha nepi uangalie vidole kimoja kimoja. Ukikuta kidole kimevimba au kimebadilika rangi, tafuta uzi au unywele uutoe taratibu. Usipouona, au ukishindwa kuutoa wote, mpeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Miguu baridi peke yake si dalili kwamba mtoto anahisi baridi. Gusa kifua au tumbo. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo.

Akianza kusimama, mambo yanabadilika. Wengi hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18, na kiatu cha kitambaa huteleza kwenye saruji iliyosuguliwa. Ndani ya nyumba, kwenye sakafu safi, mwache peku. Nje anahitaji kiatu chenye soli ya kweli. Kwenye vumbi hiki cha kitambaa si kinga ya kutegemea dhidi ya funza, na kikilowa humpa baridi unayoikimbia.

Jambo jingine ni la watoto wanaozaliwa nyayo zikiwa zimepinda kuelekea ndani. Kiatu laini hakinyooshi mguu, hata kikibanwa. Mtoto huyo apelekwe hospitali katika wiki zake za kwanza. Hutibiwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, na hivyo havibadilishwi na vya kushona nyumbani.

Tunza kiolezo, lakini pima mguu upya kila mwezi. Kidole gumba kikigusa mbele, kiatu kimekwisha kazi. Unaweza kumpa jirani mwenye mtoto mdogo zaidi, ukishaweka lastiki mpya na kukagua ndani tena.