Kalibu Ndiyo Mtaji: Biashara ya Ndege za Kivita za Plastiki

Julai 2015, jumba la mnada la Christie's mjini London liliuza Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, kwa zaidi ya pauni milioni 3. Asiye na fedha hizo anaweza kuipata kwa pauni 10 hivi, ikiwa vipandevipande ndani ya sanduku la Airfix, na akimaliza kuiunganisha mabawa yake yatakuwa na upana wa milimita 156. Asiyeridhika na hiyo atalipa mara kumi zaidi kwa Spitfire kutoka Japani, kubwa zaidi, yenye injini inayoonekana mpaka mabomba yake. Katikati ya bei hizo mbili kuna Tamiya, Eduard, Revell na wengine kadhaa, wote wakiuza ndege moja kwa watu walewale. Ni biashara ya ajabu kidogo: bidhaa inauzwa ikiwa haijakamilika, na kazi yote ya kuikamilisha anaachiwa mteja, na ndiyo hasa anayoilipia.

Tofauti ya bei haitokani na plastiki. Polistireni huuzwa dola moja au mbili kwa kilo, na Spitfire ya uwiano wa 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ile halisi, haifiki hata robo kilo. Gharama iko kwenye kalibu. Wabunifu huanza na michoro ya zamani na picha, kisha huenda makumbusho kupima ndege iliyobaki, siku hizi mara nyingi kwa leza. Ndege hutengenezwa upya ndani ya kompyuta, na baada ya hapo vipande vyake huchongwa kinyumenyume katika bonge la chuma kwa mashine na kwa cheche za umeme, kisha chuma husuguliwa kwa mkono wa fundi. Kalibu moja hula makumi ya maelfu ya dola. Ndege kubwa yenye fremu nyingi, yaani vishikizo vya plastiki vinavyobeba vipande, hupita laki moja bila shida, na fedha hizo hutoka zote kabla sanduku la kwanza halijafika dukani. Kuanzia hapo kila mshindilio wa plastiki ni suala la sekunde na senti.

Tamiya, ambayo leo ndiyo inayoigwa na wengine, ilionja ukali wa hesabu hiyo mapema. Kampuni hiyo ya mji wa Shizuoka ilianza mwaka 1946 ikiuza mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa seti yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, kwa yen 500. Kampuni nyingine ikatoa Yamato ya kwake kwa yen 350. Tamiya ikashusha bei ikauza kwa hasara, na kalibu haikulipika. Kilichoinyanyua ni kifaru cha Panther chenye mota ya betri, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa kuwa betri zilipaswa kuenea ndani, ukubwa wake ukaangukia kwenye uwiano wa 1/35, na tangu hapo viwanda vingi duniani hutengeneza vifaru kwa uwiano huo usio na maana nyingine yoyote. Hasegawa na Aoshima nazo ziko mkoa wa Shizuoka, na kiwanda cha modeli cha Bandai kiko hapohapo. Hiki cha mwisho hutengeneza roboti za Gundam, ambazo vijana huzinunua kuliko ndege yoyote ya vita.

Upande wa Uingereza mkasa ulikuwa mwingine. Airfix iliuza Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, ikawa jina la kila nyumba yenye mtoto wa kiume, kisha ikafilisika mwaka 1981 na kuanza kupita mikononi mwa wamiliki mbalimbali. Mwaka 2006 ilikuwa chini ya Humbrol, na seti zake zilikuwa zikitengenezwa Ufaransa na kampuni ya Heller. Heller ilipoanguka, kalibu za Airfix zilikuwa zimelala ndani ya kiwanda cha watu wengine, ng'ambo ya bahari. Humbrol ikakosa mali ya kuuza, na mwishoni mwa Agosti mwaka huo nayo ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Novemba, Hornby, kampuni ya treni za kuchezea, ikanunua Airfix na Humbrol kwa pauni milioni 2.6. Kwa jina linalofahamika kiasi hicho, bei hiyo ni ya kutupa. Ila mnunuzi alijua anachonunua: mwenye kalibu ndiye mwenye kampuni.

Ndiyo maana kalibu haistaafishwi. Kiwanda kikishairudisha gharama yake, kila sanduku linalofuata ni faida karibu tupu, kwa hiyo chuma cha miaka ya 1960 na 1970 bado kinashindiliwa plastiki hadi leo. Viwanda pia hukodishiana na kuuziana mali. Unaweza kufungua sanduku la Revell ukakuta plastiki iliyotoka kwa ICM ya Kyiv au Hasegawa ya Japani. Si wizi, ni biashara halali, lakini mnunuzi anayechagua kwa kuangalia picha ya sandukuni atalipa bei ya leo kwa kazi ya babu yake. Airfix angalau huungama: seti zake za kale huzipa lebo ya Vintage Classics. Wengine huchora picha mpya na kukaa kimya.

Basi sanduku hupimwaje? Chukua Spitfire Mk I ya Tamiya ya uwiano wa 1/48, iliyochongwa upya mwaka 2018. Toa fremu zote uziweke mwangani. Kwanza mistari ya maungio ya mabati: katika seti mpya imechimbwa ndani, myembamba kama wa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, wakati katika seti za zamani imetuna juu na hufutika mara msasa unapopita. Pembezoni mwa vipande tafuta utando wa plastiki uliovuja. Ukiwepo mwingi, kalibu imechoka. Angalia kama kuna mabonyeo kwenye sehemu nene, na alama za duara za pini zinazosukuma plastiki itoke kwenye chuma. Fundi mzuri wa kalibu huzificha pasipoonekana. Asiyejali huziacha katikati ya ukuta wa chumba cha rubani, na wewe utakesha ukizijaza puti. Kioo cha rubani kiwe chembamba na kisipindishe unachokiona nyuma yake. Kisha shika rula. Spitfire halisi ina upana wa mita 11.23, kwa hiyo katika 1/48 mabawa yasomeke milimita 234. Milimita moja pungufu hakuna atakayeiona. Umbo la bawa likikosewa, lile duaradufu linaloitambulisha Spitfire kutoka mbali, hata mtoto ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

Kipimo cha mwisho, na kwangu ndicho kikubwa, ni kuunganisha bila gundi. Kata nusu mbili za kiwiliwili na bawa, zibane kwa vidole, tazama bawa linapokutana na kiwiliwili. Hapo ndipo Spitfire nyingi huachama. Ya Tamiya hufunga kiasi kwamba gundi nyepesi inatosha, na puti hubaki kwenye kopo. Ya Eduard ina vipande vingi na vidogo zaidi, na inataka utulie: chumba cha rubani kikiinama hata kidogo tu, kiwiliwili hakifungi, na lawama utazirushia kiwanda wakati kosa ni la mkono. Lakini ukiwa na subira, Eduard hukupa zaidi kwa fedha yako. Sanduku lake la ProfiPACK huja na bamba la chuma chembamba lililopakwa rangi tayari, lenye dashibodi na mikanda ya rubani, pamoja na vibandiko vilivyokatwa vya kuziba vioo wakati wa kupuliza rangi, na stika za ndege kadhaa tofauti.

Niseme neno kuhusu ribiti, maana hapo ndipo wapenzi wanapogombana. Viwanda vimegundua kwamba ndege iliyotobolewa vitundu vya ribiti kila mahali inauzika, na kila mwaka vitundu vinaongezeka. Katika Spitfire halisi mabati ya mbele ya bawa yalijazwa puti na kusuguliwa mpaka yakawa laini, kwa ajili ya mwendo. Mstari wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye modeli ya 1/48 ni ufa wa karibu nusu sentimita kwenye ndege ya kweli. Ribiti nyingi ni pambo la kuuzia.

Eduard, iliyoanzishwa mwaka 1989, inastahili kutazamwa na mtu yeyote wa biashara kwa sababu nyingine. Spitfire zilitengenezwa zaidi ya 20,000, katika matoleo zaidi ya ishirini. Eduard ilipochonga Mk IX mwaka 2013 iliigawa kalibu kwa ustadi: fremu hizi za matoleo yote, ile ya toleo hili tu. Kwa kubadilisha fremu moja au mbili ikatoa Mk VIII na Mk XVI, na kila moja ikauzwa kama ndege mpya. Kisha inakuuzia vipuri vya nyongeza: viti vya resini, magurudumu, dashibodi zilizochapwa kwa mashine ya 3D. Mteja mwenye tamaa hulipia vipuri kuliko alivyolipia ndege. Kampuni ndogo zisizo na mnyororo huo hupata taabu. Wingnut Wings ya New Zealand, iliyoanzishwa na mwongoza filamu Peter Jackson, ilitoa kuanzia 2009 ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia ambazo hadi leo wengi huziita bora kuliko zote, na mwaka 2020 ikafunga. Baadhi ya watu wake ndio waliounda Kotare, ambayo nayo ilianza kwa Spitfire.

Wateja wenyewe ni nani? Wengi ni wanaume wa makamo wanaojikumbusha utoto wao, wenye kipato na wenye masanduku juu ya kabati kuliko watakayowahi kuyafungua. Viwanda vinalijua hilo na vinapanga bei kwa kulizingatia. Seti ambayo haitaunganishwa kamwe hailalamikiwi na mtu.

Kwetu Afrika Mashariki soko ni jembamba, na anayetaka huagiza nje. Forodha huiweka modeli kundi moja na vitu vya kuchezea, hata kama unaiunganisha ukiwa na wajukuu. Juu ya nauli na ushuru kuna VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, kwa hiyo sanduku la bei ya kati linaweza kufika mkononi kwa karibu mara mbili ya bei ya dukani kwake. Rangi za mafuta na gundi zenye kemikali inayoshika moto zina vikwazo kwenye usafiri wa ndege, na wauzaji wengi hukataa kuzituma. Mkenya anayetaka F-5, ndege ambayo jeshi lake la anga limeirusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ataipata kwa 1/48 kutoka AFV Club ya Taiwan. Stika za bendera yake aziulizie kabla hajalipa.

Anayeanza anunue Airfix ya 1/72 aiharibie hiyo. Ya pili iwe Tamiya ya 1/48, kwa kuwa haitamkatisha tamaa kwa makosa yasiyo yake. Eduard ije mkono ukishazoea. Ya 1/32, yenye mabawa ya sentimita 35, ni ya mwenye meza yake mwenyewe na ruhusa ya nyumbani. Na kwa kila agizo chagua rangi za maji, kama zile za Vallejo ya Hispania, zinazosafirishwa kwa ndege bila maswali.