Chombo Kilichorudi Kitupu

Chombo kinapofika dikoni na samaki, watu husogea: dalali, wachuuzi, akina mama karanga wanaokaanga samaki na mkusanya takwimu mwenye daftari. Kinapofika kitupu hakuna anayesogea. Nahodha anashusha nyavu, mabaharia wanatawanyika, na mara nyingi hata daftari halifunguliwi. Takwimu za uvuvi huanza kuharibika hapo, kabla hazijafika kwenye kompyuta yoyote.

Katika nchi ambazo wavuvi wadogo wametapakaa kwenye mamia ya madiko na mialo, haiwezekani kupima kila samaki. Hupimwa sampuli, yaani vyombo vichache vinavyowakilisha vyote. Hutafutwa wastani wa mavuno ya chombo kimoja kwa siku, kisha huzidishwa kwa idadi ya vyombo na siku vilizotoka kuvua. Idadi ya vyombo hutokana na sensa ya uvuvi. Katika Ziwa Victoria, Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiifanya kwa pamoja tangu mwaka 2000.

Hesabu hii ni rahisi, na haimsamehe aliyekosea mwanzoni. Chukua mfano wa vyombo 10: sita vimeleta kilo 50 kila kimoja, vinne havikupata kitu. Wastani ni kilo 30. Mkusanya takwimu akiviacha vile vinne, wastani unakuwa kilo 50. Kwa diko lenye vyombo 40 vinavyotoka siku 20 kwa mwezi, kilo 24,000 zimegeuka 40,000. Tani 16 za samaki wasiokuwapo baharini zimeingia kwenye ripoti ya mwezi. Kibaya zaidi ni kwamba samaki wanapopungua, vyombo vinavyorudi vitupu huongezeka, navyo ndivyo visivyoandikwa. Wastani unabaki pale pale, na wanaotunga kanuni wanaambiwa bahari ni salama.

Kosa hilo lina ndugu zake. Kitoweo cha mabaharia hutengwa kabla ya mizani kufika. Papa na taa huletwa wamekatwakatwa. Jina moja, changu, hubebeshwa samaki wa spishi kadhaa, na spishi inayopotea hufichwa na zile zilizobaki.

Kwenye meli kubwa za baharini kazi ni ile ile, ila ngumu zaidi. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, iliagiza mwaka 2011 kwamba kwa meli za mita 24 na zaidi, waangalizi washuhudie angalau asilimia 5 ya shughuli za uvuvi. Mwangalizi huandika mahali meli ilipo, zana, samaki waliopakiwa na waliotupwa, na kumbukumbu zake hulinganishwa na daftari la nahodha. Lazima ajue kutofautisha jodari wachanga wa mapezi ya njano na wale wa macho makubwa, ambao kwa nje hufanana mno. Akipata nafasi ya kumpasua samaki, ini humwambia: la macho makubwa lina michirizi, la mwenzake ni laini. Picha za ukutani hazitoshi kwa somo hilo. Mwanafunzi ashike kisu, apasue samaki wengi, akosee, arekebishwe. Tena ajifunze kusimamia anachokiona akiwa peke yake kwa majuma, akila na kulala kwenye meli ya watu anaowaandikia ripoti.

Hata hivyo, karibu nusu ya jodari wa Bahari ya Hindi huvuliwa na wavuvi wadogo, ambao hawana nafasi ya kubeba mwangalizi. Kwa hiyo mtu wa dikoni ana uzito uleule wa mtu wa melini, na mafunzo yake hayapaswi kuwa semina ya siku mbili na cheti. Msimamizi amrudie dikoni, wapime chombo kimoja kila mtu kivyake, walinganishe. Matokeo yarudishwe kwa wavuvi na vikundi vyao vya usimamizi wa uvuvi ufukweni (BMU), maana anayeulizwa kila siku asiambiwe majibu hufika mahali akataja namba yoyote ili aachwe aende nyumbani.

Kwa maofisa uvuvi wanaoandaa fomu za msimu ujao, ombi ni dogo. Wekeni mstari wa chombo kilichorudi kitupu, na mtu anayeujaza alipwe siku hiyo sawasawa na siku ya neema.