Mgonjwa katoka thieta salama: hesabu ya vifo vya wodini

Mwaka 2016 hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika zilifanya jambo ambalo kwa kawaida hakuna mwenye nafasi ya kulifanya. Kila nchi ilichagua wiki moja, na kwa wiki hiyo kila mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji aliandikwa na kufuatiliwa, mpaka ijulikane kama alitoka hospitalini akiwa hai. Kazi hiyo iliongozwa na Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet. Hatima ya wagonjwa 11,193 ilijulikana. Waliofariki walikuwa 239.

Kati ya hao 239, waliofariki siku ileile ya upasuaji ni 14. Wengine wote, 225, walifariki baada ya siku hiyo. Daktari alikuwa ameshashona, nusu kaputi ilikuwa imeshaisha, na ndugu walikuwa wameshaambiwa kwamba upasuaji umekwenda vizuri. Ni asilimia 94 ya vifo vyote, na kwa maoni yangu hii ndiyo namba muhimu kuliko zote katika upasuaji wa Afrika, ingawa bajeti zetu bado hazijaisikia.

Mtu anaweza kudhani wagonjwa hao walikuwa wazee au watu waliochoka kwa maradhi mengi. Sivyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 38.5, na kwa ujumla walikuwa na hali nafuu kuliko wagonjwa wanaopasuliwa katika nchi tajiri. Theluthi moja walikuwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Kilichowatofautisha ni haraka: asilimia 57 ya upasuaji ilikuwa ya dharura au isiyoweza kusubiri. Pamoja na ujana wao, walikufa kwa kiwango cha asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia.

Sababu inaonekana ukiweka tafiti mbili kando kwa kando. Katika utafiti wa Afrika, asilimia 18.2 ya wagonjwa walipata matatizo baada ya upasuaji, kama vile maambukizi, kuvuja damu au shida ya kupumua. Katika utafiti mwingine wa kimataifa uliohusisha nchi 27, waliopata matatizo walikuwa asilimia 16.8. Tofauti ni ndogo. Lakini kati ya waliopata matatizo, walifariki asilimia 9.5 katika Afrika, na asilimia 2.8 tu katika ule wa kimataifa. Ni haki kukumbusha kwamba utafiti wa kimataifa ulihesabu upasuaji uliopangwa tu, kwa hiyo mizani hailingani sawasawa. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: matatizo yanatokea kila mahali, ila kwetu mgonjwa akishapatwa nayo, wa kumwokoa hayupo karibu.

Tuangalie jambo hili linavyotokea. Kijana ametobolewa utumbo katika ajali ya bodaboda, amepasuliwa, na saa nne usiku anarudishwa wodini. Saa sita mapigo yake ya moyo yamepanda kutoka 90 hadi 110 kwa dakika. Saa nane yamefika 125, anapumua harakaharaka, na mfuko wa mkojo haujaongezeka kitu. Presha bado inasoma vizuri, kwa sababu mwili wa kijana huishikilia presha kwa muda mrefu kabla ya kushindwa. Anayempima kila saa ataona kwamba kuna damu inayovuja ndani au usaha unaoanza kuenea, ataongeza dripu, ataweka oksijeni, ataita daktari, na pengine kijana atarudishwa thieta kabla ya alfajiri. Anayempima jioni na asubuhi atamkuta saa kumi na mbili presha imeshaporomoka. Hakuna kifaa cha bei mbaya kilichokosekana katika habari hii. Kilichokosekana ni mtu wa kushika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo.

Nchi zilizoshiriki utafiti wa Biccard zilikuwa na madaktari bingwa wa upasuaji, wa uzazi na wa nusu kaputi wapatao 0.7 kwa kila watu 100,000, ukizipanga nchi hizo na kuchukua ya katikati. Tume ya The Lancet kuhusu upasuaji duniani, ya mwaka 2015, iliweka lengo la 20. Zitafsiri namba hizo kwa nchi yenye watu 61,741,120, yaani Tanzania ya sensa ya mwaka 2022. Kwa kiwango cha 0.7 nchi yenye watu idadi hiyo ingekuwa na mabingwa 432 hivi. Kwa lengo la tume ingehitaji zaidi ya 12,300. Upasuaji wenyewe pia: nchi ya katikati ilifanya 212 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na lengo ni 5,000. Kwa watu milioni 61.7, ni tofauti kati ya upasuaji 131,000 na zaidi ya milioni 3 kila mwaka.

Tukiongeza upasuaji peke yake bila kuongeza macho ya usiku wodini, tutaongeza pia idadi ya wanaokufa baada yake. Na macho hayo hayapatikani kwa maagizo tu. Kundi lilelile la watafiti lilirudi na jaribio kubwa katika hospitali 332 za nchi 28, matokeo yakatoka mwaka 2021. Wagonjwa wenye hatari kubwa walitambuliwa kwa alama maalumu, kisha hospitali za upande mmoja zikaombwa kufanya mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: kumlaza mgonjwa kwenye wodi yenye uangalizi zaidi, kumpima mara nyingi zaidi, kumpa kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, kumruhusu ndugu akae naye, na kuweka mwongozo wa uangalizi kando ya kitanda. Matokeo: vifo na matatizo makubwa havikupungua.

Wengine wamesoma jibu hilo kama ushahidi kwamba uangalizi hausaidii. Mimi nalisoma tofauti. Huwezi kumwambia nesi mmoja mwenye wodi nzima aongeze mara za kupima, kisha utegemee masaa ya usiku yazaliane. Kinachotakiwa kina gharama yake, na gharama hiyo ni mishahara ya wauguzi.

Nchi tajiri nazo zilianzia pabaya. Uingereza na Wales zilianza mwishoni mwa 2013 kukagua upasuaji mkubwa wa dharura wa tumbo kwa watu wazima. Mwanzoni mwa ukaguzi huo, kiasi cha mgonjwa 1 kati ya 9 alikuwa akifa ndani ya siku 30. Baada ya miaka michache ya kuhesabu, kuzionyesha hospitali namba zao na kuwaweka wagonjwa wa hatari katika uangalizi maalumu, kiwango kilishuka chini ya 1 kati ya 10. Utafiti wa GlobalSurg wa mwaka 2016, uliochukua upasuaji wa dharura wa tumbo wa kila aina, pamoja na wa kidole tumbo, ulikuta vifo vya siku 30 vikiwa asilimia 4.5 katika nchi zenye maendeleo ya juu, 6.0 katika za kati na 8.6 katika za chini. Hali za wagonjwa zilipolinganishwa, hatari katika nchi za chini ilikuwa mara tatu.

Yapo yaliyojaribiwa yakafaulu, na bei yake inajulikana. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2022, lililohusisha wagonjwa 13,301 katika nchi 7, Rwanda ikiwamo, liliuliza swali dogo sana: je, timu ikibadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, vidonda vitapungua kuoza? Maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kwa kila wagonjwa 1,000, ni 29 wanaoepuka usaha, dawa za ziada na wiki nyingine za kitanda. Lakini katika hospitali ambako ndugu hutumwa duka la dawa na karatasi yenye glovu, uzi na dripu, pea ya pili ya glovu inalipiwa na nani? Hapo ndipo uthibitisho wa kisayansi unapokwama.

Kwa majeruhi ipo dawa ya traneksamiki, iliyobuniwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Inazuia damu iliyoganda isiyeyuke. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, kwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, lilipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Wachumi walipopiga hesabu kwa Tanzania, kila mwaka mmoja wa uhai uliookolewa uligharimu dola 48 za Marekani. Ni vigumu kupata tiba ya bei hiyo. Sharti lake ni muda: itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia, na mapema zaidi ni bora zaidi. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Majeruhi anayeanzia zahanati, akapelekwa wilayani, kisha akasubiri gari la rufaa, saa hizo 3 zimeshakwenda. Dawa hii inapaswa kuwa pale mgonjwa anapofikia kwanza.

Usafiri huohuo ndio unaofilisi familia. Tume ya The Lancet ilikadiria kwamba watu milioni 33 kila mwaka duniani huingia katika gharama za kuangamiza kwa kulipia upasuaji na nusu kaputi. Wengine milioni 48 huangamizwa na nauli, chakula na malazi ya kufuata upasuaji huo. Yaani hata siku serikali itakapofuta bili yote ya thieta, kundi kubwa zaidi litabaki palepale. Tanzania imeshaonyesha njia kwa kina mama: mfumo wa m-mama, kwa namba 115 isiyolipiwa, humtafutia mjamzito au mzazi mwenye dharura gari, hata la dereva wa mtaani anayelipwa kwa safari hiyo. Aliyegongwa barabarani anastahili simu ileile.

Kwa hiyo, mbunge, diwani, mjumbe wa bodi ya hospitali na wewe mwananchi utakayealikwa kwenye uzinduzi: jengo jipya la upasuaji likifunguliwa wilayani kwenu, piga makofi, kisha uliza wauguzi wangapi wanakuwa wodini saa nane usiku, na kila mgonjwa aliyepasuliwa hupimwa baada ya muda gani. Usikubali kuondoka bila kupewa namba.